Elias Mlewa, banjo lake, na Jumapili ya Mavuno

Wapendwa waombolezaji, kabla ya tarehe na miaka, msomaji anaanza na dhambi, maana asipoitua hapa hatafika mwisho wa karatasi hii. Anayewasomea ni Sebastian, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa kwaya yetu, na ni yeye aliyemwambia kaka yake, Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2008, kwamba Mchungaji wetu amekataa wimbo wake usiimbwe Jumapili ya Mavuno, ilhali Mchungaji alikuwa amekubali, tena kwa furaha. Mchungaji analisikia jambo hili leo kwa mara ya kwanza, pamoja na ninyi.

Marehemu Elias Mlewa alizaliwa tarehe 12 Mei 1961 huko Mvumi, Dodoma, akasoma shule ya msingi hapohapo mwaka 1969 hadi 1975, kisha akajifunza ufundi bomba mjini, na jioni alipiga zeze mpaka mama amnyang'anye ndipo ale. Tarehe 4 Julai 1992 alifunga ndoa na Josephine, Mungu akawajalia binti mmoja, Jacqueline, na mwaka 1998 wakahamia Toronto, ambako alitengeneza mabomba ya maghorofa ya Flemingdon Park hadi alipougua.

Mwaka 2003 mpangaji aliyekuwa anahama alimwachia banjo, na toka hapo, jamani, nyumba ile haikutulia tena. Elias aligusa nyuzi akasema hili ni zeze lililotembea sana, akamtafuta Bwana Feroz wa Mississauga, naye mtoto wa Dodoma, wakaunda kikundi cha bluegrass, muziki wa banjo, gitaa na fidla unaokwenda mbio kama mbuzi walioona zizi liko wazi. Sebastian alimwita mchunga ng'ombe wa Ontario, naye akajibu kwamba afadhali mchunga ng'ombe kuliko mwenyekiti wa kwaya anayesinzia kwenye besi.

Nyimbo zake zilikuwa za mji huu huu, alishinda maktaba, akahoji wazee waliozaliwa hapa, akatunga wimbo wa wachoma matofali wa bonde la Don, akatunga na wa gharika ya Oktoba 1954, mto Humber ulipozoa nyumba na watu waliomo, na huo ndio aliotaka kuuleta Mavuno, kuwashukuru waliowaokoa wenzao. Sebastian alijua kwaya yake ingeonekana imelala, akaona wivu, wivu akauvika joho la utakatifu, akasema banjo ni la baa na Mchungaji hataki kuliona. Elias alichukua kofia yake, na kwa miaka tisa hakukanyaga kanisa hili, akisali kanisa la jirani, na nusu ya ukoo wetu ikamnunia Mchungaji asiye na kosa.

Lakini alichopanda Mungu hakizuiwi na mwenyekiti wa kwaya. Jumamosi tarehe 17 Julai 2010 kikundi kilisimama bondeni, wote wakizunguka maikrofoni moja kama ilivyo desturi ya muziki ule, mwenye zamu akisogea mbele, akimaliza anarudi nyuma kumpisha mwenzake, Elias akaimba ule wa matofali, ubeti Kiingereza, kiitikio Kiswahili, na bibi mmoja wa Kizungu wa miaka themanini na tatu, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye tanuri zile, aliinuka, akaweka mkongojo kitini, akacheza, na watu mia tatu wakaitikia kwa lugha wasiyoijua. Sebastian alikuwa nyuma ya umati, miguu ikimcheza bila ruhusa yake.

Februari 2017 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mwezi Agosti Sebastian alitubu kando ya kitanda chake, Elias akacheka mpaka nesi akaingia kuuliza kuna nini, akasema yeye amesamehe, ila Mchungaji hayumo kitandani humu, kwake utakwenda mwenyewe. Sebastian aliahirisha Jumapili hadi Jumapili, na Jumanne tarehe 14 Novemba 2017, saa tatu asubuhi, Elias alifariki, Jacqueline, ambaye siku zote hutujibu kwa Kiingereza, akimwimbia kile kiitikio kwa Kiswahili.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, majirani wa ghorofani walioleta chakula hata bila kuitwa, mafundi wenzake, na Bwana Feroz aliyemnyolea ndevu kila Alhamisi. Kaka Elias, pumzika katika amani ya Bwana uliyemwimbia.

Nanyi mliomnunia Mchungaji kwa ajili ya uongo huu, tunawaomba, kabla hatujatoka kwenda makaburini, piteni hapa mbele mumpe mkono, nyuma ya Sebastian.