Aliyechomoa Jina la Mpelelezi

Nani kati yenu alichomoa jina lake? Marehemu aliuliza swali hili kwa miaka arobaini na sita, kwenye harusi zenu, kwenye ubatizo wa watoto wenu, hata kwenye foleni ya dawa, na kwa kuwa leo hawezi kuuliza, familia imeona historia yake ianzie hapo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga, na tangu utotoni hakukubali kitu mpaka akigeuze aone upande wa chini, ndiyo maana baba yake akamwita Mpelelezi, na jina likamganda. Alimaliza sekondari mwaka 1975, na Januari 1976 akajiunga na chuo cha ualimu cha Kikristo, si kwa wito, bali kwa sababu ndicho kilichojibu barua yake, akapangiwa chumba namba tisa pamoja na wasichana watatu: mpiga kinanda wa kanisani, aliyeitwa Kinanda, mwingine ambaye leo ni Mama Mchungaji, na wa tatu, ambaye baadaye alikuja kuwa wifi yake, na ndiye aliyekabidhiwa kusoma maneno haya.

Chuoni palikuwa na desturi kwamba kila Januari majina ya wanafunzi wote yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa katika bakuli la kanisani, kila mmoja akachomoa jina la mwenzake, akamwombea mwaka mzima kwa kiapo cha kutomwambia, wala wakati ule wala baadaye. Marehemu aliona huo ni mchezo wa watoto, mpaka Agosti 1977, aliposhikwa na homa ya uti wa mgongo, akalala siku kumi na moja bila fahamu, daktari akawaita wazazi waje kuaga, na siku ya kumi na mbili akafumbua macho akaomba chai. Tangu hapo yule aliyekuwa akisinzia ibadani akawa wa benchi la mbele, akisema kuna mtu alimpigania kwa magoti, na kwamba mtu huyo ni wa chumba namba tisa, maana hao watatu ndio waliomwona alivyokuwa. Kwa vile hakujua amshukuru yupi, aliwaombea wote watatu, kila asubuhi, hadi wiki aliyofariki.

Alifundisha hisabati kuanzia Februari 1979 hadi Desemba 2016, akasimamia mitihani kwa namna ambayo wanafunzi walisema anamjua mwibaji kwa kisogo, na urafiki aliuendesha hivyo hivyo: alikaa na Kinanda mwezi mzima alipofiwa na mume, akamwuguza Mama Mchungaji alipojifungua kwa upasuaji, huku jicho moja likingoja nani atajisaliti. Kinanda alisema kiapo ni kiapo, Mama Mchungaji alitabasamu kitakatifu, tabasamu ambalo marehemu hakuliamini hata kidogo, na wifi yake alikuwa hodari wa kukumbuka ghafla sufuria jikoni. Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na kaka wa huyo wa tatu, wakajaliwa binti mmoja na mapacha wa kiume, na mume mwenyewe ameruhusu isemwe kwamba hakuwahi kuwa na hakika kama alipendwa yeye au alikuwa akifuatiliwa dada yake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa tarehe 2 Mei 2023, na siku mbili kabla ya kufariki alimshika wifi yake mkono, akamwambia, "Wifi, ulikuwa wewe? Sema tu, mimi siendi kokote kutangaza." Wifi yake akamnyooshea shuka. Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea maji na viti, walimu wenzake, pamoja na Kinanda na Mama Mchungaji, walioketi mstari wa mbele wakitazamana. Lala salama, Mpelelezi, pumziko lako liwe jema. Lakini kabla jeneza halijainuliwa, wifi yako ana jibu lako, nami nalisema mbele ya wote: jina lako nililichomoa mimi, kikaratasi nikakifua pamoja na sketi wiki ile ile, na sikukuombea hata siku moja.