Nusu ya Kidonge

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu ndani ya basi alikuwa akipinda gauni la mteja. Akachomeka sindano, akatoa kidonge cha presha, akakikata katikati kwa mkasi wa nyuzi, kwa uangalifu uleule wa kukata kitambaa cha watu. “Daktari kasema nusu, mama?” akauliza mzee aliyeketi kando yake, ambaye alikuwa ametueleza kuwa ni dereva mstaafu wa malori. “Kasema kizima, baba. Mfuko ndio umesema nusu.” Akaimeza nusu moja.

Mzee alicheka, kisha akajutia kicheko. Hata hivyo, akasema kwa upole, serikali ikifanya matibabu na dawa kuwa bure, watu watajazana hospitali hata kwa chafya. “Wacha wajazane,” fundi akajibu. “Lori lako likiharibika breki, ulikuwa ukitengeneza kwa mshahara wako?” “Thubutu! Tajiri alilipa siku hiyohiyo. Lori ni lake.” “Basi mimi ni wa nani?”

Mzee aligeukia dirisha. Basi liliposimama, fundi alikunja gauni, upindo ukiwa haujamalizika upande mmoja, akafunga ile nusu nyingine kwenye kipande cha kitambaa. “Mteja atanisubiri hadi kesho,” alisema akishuka. “Presha ndiyo sina hakika.”