Mjomba Kakamatwa na Vidudu

IVONE: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

ADÉRITO: Mimi mjomba'ko, Adérito. Simu ya kuazima hii, ya mama muuza dagaa—

IVONE: Shikamoo, mjomba! Mbona hufiki? Maabara nzima tunaingoja chupa ya vidudu—

ADÉRITO: Marahaba. Nimekamatwa.

IVONE: Umeka—nini?

ADÉRITO: Nimekamatwa, mwanangu! Niko hapa gatini Figueira. Doria imenikuta mlangoni mwa mto nakokota wavu wako. Wavu wenye vitundu vidogo vile, na huu ni Aprili! Wanasema naiba watoto wa mikunga, samaki wa marufuku wanaoingia mtoni msimu huu.

IVONE: Mikunga! Si uwaambie ni utafiti?

ADÉRITO: Nimewaambia! Sajenti kauliza, "Unavua nini?" Vidudu. "Vya kula?" Hapana. "Vya kuuza?" Hapana. "Sasa vya nini?" Vya kupima uzito. [mkwaruzo] Hapo ndipo alipotoa pingu.

IVONE: Jamani! Na kibali?

ADÉRITO: Kwenye koti. Koti liko nyumbani, mke wangu analifua.

IVONE: Na chupa? Chupa iko wapi?

ADÉRITO: Mimi nina pingu, mwenzangu anaulizia chupa!

IVONE: Mjomba, vidudu wale wakifa nimekwisha! Mwaka mzima nimewapima uzito tu. Leo ndiyo niwahesabie mayai, nijue wanazaana kwa kasi gani. Wiki ijayo maji yanapata joto, ndiyo basi mpaka mwakani. Iko wapi?

ADÉRITO: Juu ya boneti ya gari lao.

IVONE: Juani?!

ADÉRITO: Juani.

IVONE: Watachemka! Mwambie aiweke kivulini, upesi!

ADÉRITO: Nithubutu? Nilipomwomba asiitikise, akasema, "Ahaa, kumbe mali!" Nikiongeza neno— [kelele] Ndiyo, afande! Naongea na familia, afande!

IVONE: Anasema nini?

ADÉRITO: Wamekodoa macho weee, mkunga hawaoni. Eti wezi siku hizi tunawavua wakiwa wadogo zaidi. Wanampigia bingwa wa chuo kikuu aje awatambue.

IVONE: Bingwa gani?

ADÉRITO: Simjui. Ila wanamwogopa, nasikia ana mdomo huyo—

IVONE: Mjomba, simu ya ofisini inalia. Usikate!

ADÉRITO: Salio si langu, Ivone! Ivo—

IVONE: [kwa mbali] Haloo? ... Ndiye mimi, Sajenti. ... Chupa? Juani? Mna wazimu? ... Kivulini sasa hivi! ... Polepole, wana mimba hao! ... Nakuja.

ADÉRITO: [anacheka] Ivone! Kumbe bingwa ni wewe! Sajenti kaikumbatia chupa kama mtoto mchanga! Koplo anaipepea kwa kofia!

IVONE: [pumzi] Afadhali. Afadhali, mjomba. Nimepona.

ADÉRITO: Enhe, na mimi? Umewaambia nini kuhusu mimi?

IVONE: [funguo zinalia]

ADÉRITO: Ivone?

IVONE: Mjomba... chupa kwanza. Halafu—halafu nikakata.

ADÉRITO: Hukunitaja!

IVONE: Niko njiani! Nimeshashika funguo! Vumilia hapo hapo ulipo—

ADÉRITO: Hapo hapo wapi? Gati zima lina kivuli kimoja, na ndimo nilimokuwa nimekaa mimi! Wananiinu— Haya, afande, nahama! Wananiweka juu ya bo—

[simu imekatika]