Koti la Clem

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka jirani yangu, Winifred Garside, wa hapa hapa Hull. Sisi tulimwita Winnie. Ametutoka Jumapili asubuhi.

Mumewe, Clem, alikwenda vitani na sare ya jeshi. Koti lake la sufu akaliacha kwenye msumari, nyuma ya mlango wa jikoni. Clem akafia Italia. Koti likabaki.

Vita vilipokwisha wakaja watu wa sinema. Filamu ya kisasi: askari amerudi, anamsaka mtu aliyemsaliti kaka yake kwa adui. Fedha hawana, nguo wanaazima kwetu. Winnie akawapa koti la Clem, alivae mwigizaji wa yule msaliti.

Tukaenda bandarini kutazama. Ukungu ulikuwa mzito. Mwigizaji huyo alipotugeuzia mgongo akaanza kutembea, Winnie akanifinya mkono. “Mungu wangu, ni yeye.”

Mara mwongozaji, Bwana Tatlock, akaja na mkasi. Alitaka kulitoboa koti, alipake damu ya rangi, maana msaliti anapigwa risasi.

“Hulitoboi,” Winnie akasema.

“Mama wee, ni sinema tu!”

“Sinema kwako. Clem alishakufa mara moja, huko Italia. Hafi tena hapa Hull.”

“Sasa nimuue nani, paka?”

“Muue akiwa na shati lake. Mimi hainihusu.”

Koti jingine hakuna. Basi mwigizaji akalivua, akalitundika ukutani taratibu, akageuka kuingoja risasi. Magazeti yakasifu, eti anavua dhambi zake. Winnie akacheka hadi akakohoa. “Dhambi zipi? Koti la mume wangu hilo!”

Lakini kila filamu ile ilipoonyeshwa, alikwenda. Binti yake, Noreen, aliniambia: “Mama alitazama ule mgongo tu. Yule mwigizaji akikaribia kugeuka, ananishika mkono, anafumba macho. Akigeuka anakuwa mtu mwingine.”

Koti lilirudi msumarini na harufu ya tumbaku ya mgeni. Hakulifua. Aliogopa kumfua Clem pamoja na harufu hiyo.

Jumapili, Noreen alikuwa kando ya kitanda. Kutoka hapo mlango wa jikoni ulionekana, na koti msumarini. “Akanishika mkono vilevile,” anasema. “Nikajua atafumba macho. Hakufumba. Akasema, ‘Haya, anageuka.’ Akatazama hukohuko mpaka mwisho.”

Pole, Noreen mwanangu. Poleni nyote wa nyumba ya Garside. Nanyi wapendwa, tulifikirie hili tukizima redio: risasi ile ilipolia, ukumbi mzima tulipiga makofi. Mwenzetu alikuwa katikati yetu, gizani, amefumba macho.