Nilisema Mimi ni Mtoto wa Pekee

Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe hata na sisi tunaofika mbele zake na aibu mkononi.

Jina langu ni Clarisse. Wengi wenu mnanijua kama yule anayepiga chapa matangazo ya parokia, yule anayerudisha karatasi nzima kwa sababu ya nukta moja. Ushuhuda huu nimeuandika mara nne na kuuchana mara tatu. Kila mara nilikuta nimeupanga ili nionekane mzuri ndani yake. Nitausoma huu wa nne jinsi ulivyo.

Sikuja kuwaambia kwamba mama yangu amepona kansa. Mama bado anatibiwa. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa katika wivu, na wivu huo ulikaribia kumwua mama upesi kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa mama tumezaliwa wawili. Yaya Bibiche, dada yangu mkubwa, ananizidi miaka sita. Anakaa Mokambo, anafanya biashara ya mpakani, mafuta na unga. Ni mtu asiyeangalia saa. Anasema atakuja Jumamosi, anafika Jumatano na kuku mmoja chini ya kwapa, na mama anasahau kwamba alikuwa amekasirika. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na alipofariki nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Shule ikaishia hapo. Nilijifundisha mwenyewe kupiga chapa kwenye kompyuta ya jirani, nikajifundisha Kifaransa cha ofisini kwa kunakili barua za watu. Leo nina meza yangu mjini, karibu na mabenki, na watu wanapanga foleni ili niwaandikie. Ninalipa nyumba, ninapika, ninajua mama anakunywa chai yake na sukari kiasi gani.

Lakini mama alikuwa akicheka na Bibiche. Ndugu zangu, ni hilo tu. Mimi aliniambia asante, na Bibiche alicheka naye mpaka anafuta machozi kwa kitenge. Nilikuwa nahesabu mara ngapi kwa siku anataja jina lake. Ndiyo, nilikuwa nahesabu.

Siku moja nilimkuta mama amejifunga kitambaa kifuani ndani ya nguo. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe kama yai, na ngozi yake imekunjamana. Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu mvua hazijaanza. Nilimwuliza nani anajua. Akatazama chini, akasema, "Bibiche. Nilimuonyesha wakati alikuja."

Mtu mwingine angelia kwa sababu ya uvimbe. Mimi nililia kwa sababu Bibiche alijua kabla yangu.

Siku hiyo niliapa moyoni kwamba nitamwokoa mama mimi mwenyewe, na kila mtu ataona ni nani mtoto. Nilinunua farde, jalada la plastiki lenye vigawanyo vya rangi: vipimo, dawa, risiti, barua. Nilisoma kwenye simu kila kitu kuhusu kansa ya titi. Mama hakuwa na simu yake, ilikuwa imekufa, alitumia yangu. Kwa hiyo habari zote za Mokambo zilipitia kwangu. Yaya alipouliza, nilimwandikia maneno matatu: "Bado tunangoja matokeo."

Hayo yalikuwa kweli, kwa muda. Tulingoja sana. Hospitalini walikata kipande cha nyama ya uvimbe ili kipimwe, wakatuambia turudi Alhamisi. Alhamisi yule wa maabara alikuwa safarini. Alhamisi nyingine umeme ulikuwa umekatika. Alhamisi ya tatu walisema kipande kimetumwa kwingine, tungoje simu, na simu haikulia. Wiki saba, ndugu zangu. Mama alikuwa anakaa kwenye benchi na kitenge chake kizuri, kana kwamba ameenda arusi, na mimi nimesimama dirishani na farde yangu. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Mwanamke mmoja aliyefika baada yetu alipata matokeo kabla yetu, nikamwonea wivu hata yeye, nikamwonea wivu mtu aliyepewa karatasi inayosema ana kansa.

Mwishoni karatasi yetu ikatoka. Daktari akasema uvimbe unaweza kukatwa, lakini upesi. Aliniangalia mimi, si mama, akasema ukishikamana na mbavu hataweza kukata tena. Akatupa siku, Jumanne ya wiki iliyofuata.

Kisha infirmière, muuguzi wa pale, akaniita pembeni. Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya upole.

"Mwanangu, damu ya mama yako iko nguvu kuipata, haionekani ovyo. Rhésus négatif. Hapa hatuna hata pochette moja ya damu ile, na bila damu dokta hatakata. Leo tutakupima wewe."

Walinipima. Damu yangu haikufaa.

"Haizuru," akasema. "Uko na bandugu? Ba yaya, ba mudogo?"

Ndugu zangu, nilijua. Yaya alipojifungua mtoto wake wa kwanza kule Mokambo walimpiga sindano kwa sababu ya damu hiyo hiyo. Alitupigia simu siku ile anacheka: "Mama, mimi na wewe tuko damu moja! Clarisse yeye alitoka kwa baba." Tulicheka sote. Mimi nilicheka kwa mdomo. Hata damu ya mama alikuwa ameichukua yeye.

Na sasa ningempigia simu, angekuja na kicheko chake, angelala kitandani robo saa, akatoa mfuko mmoja, na watu wangesema Bibiche ameokoa mama. Wiki saba nilizosimama dirishani zingekuwa si kitu.

Nikamjibu yule mama, "Hapana. Niko mutoto wa pekee."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho.

Jumanne ikapita bila damu. Walituandikia Jumanne nyingine, wiki mbili mbele. Nilianza kutafuta damu mjini kama mwendawazimu. Mnakumbuka nilikuja hapa, nikasimama mahali hapa hapa, nikawaomba. Vijana saba wa kwaya walikubali kupimwa, Mungu awabariki. Mmoja wao aliniambia akitoka, "Clarisse, damu yangu ni positif, ni roho tu njo iko négatif." Hakuna aliyefaa. Nilifunga siku tisa bila kula mpaka jua linapotua. Niliomba, "Bwana, leta mtu yeyote." Na ninyi mlisema amina. Mlisema amina juu ya uongo wangu. Nilikuwa namwomba Mungu apite kila mlango wa Lubumbashi, ila mlango mmoja nilikuwa nimeufunga mimi, na ndio uliokuwa mlango wake.

Siku nne kabla ya Jumanne ya pili tulienda kubadilisha kitambaa cha kidonda, kwa sababu ngozi ilikuwa imeanza kupasuka. Infirmière yule yule alikuwa anamfunga mama. Alinitazama jinsi nilivyokonda, akamwambia mama kwa kumtania:

"Mama, uangalie huyu mutoto wako wa pekee, atakufa mbele yako. Hakuli."

Mama akasema, "Wa pekee wapi? Niko na babiri. Mukubwa iko Mokambo."

Yule infirmière aliacha mkono wake hewani na plasta ikining'inia. Akanigeukia. "Shi uliniambia...?" Akafunga kidonda taratibu, akakusanya vitu vyake, akatoka.

Nilingoja mama anipige. Angalau anitukane. Alivaa blauzi yake, kifungo kimoja kimoja, na nilitaka kumsaidia lakini sikuthubutu kusogea. Kisha akasema, na maneno yake nitayasema jinsi alivyoyasema:

"Clarisse, Bibiche nilimuonyesha juu ya vile Bibiche anasahau. Nilitaka mutu mumoja wa kuniangalia kama hakuna kitu. Wewe, nilijua siku utajua, utaanza kuniangalia kama karatasi iko na makosa. Na njo vile unaniangalia."

Akajifunga kitenge chake. Kisha: "Muite yaya yako."

Nikamwambia, "Mama, piga wewe," nikampa simu.

Hakuipokea. "Mimi sikumuficha kitu," akasema.

Nilitoka nikaenda kwenye uwanja wa hospitali, mahali wanawake wanapoanika nguo za wagonjwa. Pale ndipo Mungu alinikuta. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Niliona tu kitu kimoja wazi kabisa: kwamba ningekubali mama afe mikononi mwangu kuliko aishi kwa mkono wa Bibiche. Niliona hilo kama mtu anavyoona uso wake kwenye maji, nikakaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya ofisini. Nikasema, "Bwana, mimi siwezi kuutoa. Utoe wewe." Ndiyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Kisha nikapiga.

Nilimwambia yaya yote, tangu "bado tunangoja" mpaka "mutoto wa pekee". Nilisikia magari ya mizigo nyuma yake, watu wanabishana bei. Yeye, anayecheka kwa kila kitu, hakucheka.

"Siku ngapi umemupotezea?" akauliza.

"Siku kumi, tangu Jumanne ile."

"Mama akiisha kupona, nitakupiga, Clarisse. Nitakupiga kabisa. Saa hii ngoja nitafute gari."

Alifika nyumbani kesho yake jioni, amekalia magunia njia nzima, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Hakunisalimu. Alinipa mfuko wake nibebe, akaingia ndani, na baada ya dakika mbili nikasikia mama anacheka. Nilisimama mlangoni na ule mfuko. Kicheko hicho kilinichoma, siwadanganyi. Lakini kwa mara ya kwanza nilifurahi pia kwamba mama ana mtu wa kumchekesha. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu pamoja.

Damu yake ilifaa. Jumanne mama aliingia chumba cha upasuaji, na daktari akatuambia baadaye kwamba uvimbe ulikuwa umekaribia mbavu, haujashika. Alisema wiki chache zaidi na hali ingekuwa nyingine. Hakujua anasema na nani. Mungu alinihurumia pale nilipokuwa sina la kujitetea.

Sasa sikilizeni mwisho, kwa maana ndio hasa ninaoushuhudia. Mama alipoamka, mimi ndiye niliyekuwa karibu na kitanda. Nilikuwa nimesimama pale tangu asubuhi, nimemlowesha midomo kwa pamba. Alifungua macho, akanitazama, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Bibiche amekula? Alitoa damu."

Wivu ukarudi. Ule ule, na sauti yake ile ile: hata sasa, hata sasa ni yeye. Nikasema kimoyomoyo, "Bwana, huyu hapa tena, mshike." Nikatoka. Nikanunua ugali wa bukari na maharage kwa wale mama wa mlangoni, nikamkuta yaya amelala kwenye benchi mdomo wazi, nikamwamsha. Alikula tonge mbili, akanisogezea sahani.

"Kula na wewe. Ukikonda hivi nitapiga mifupa."

Tukala. Ndugu zangu, nilikuwa sijala na dada yangu sahani moja tangu mazishi ya baba. Chakula kilishuka, na kitu kilichokuwa kimenikaba miaka yote kikalegea. Hakikuondoka chote siku ile. Kinarudi, na kikirudi ninakitaja kwa jina mbele za Mungu na mbele ya yaya mwenyewe, naye ananicheka. Lakini hakinitawali tena. Mnyororo umekatika, hata kama vipande vyake bado vinalia mguuni.

Kungoja hakujaisha. Dawa za kansa zinachelewa kufika, dozi ya pili ilikawia wiki mbili. Tunangoja sasa wawili, yaya anagombana na mtu wa famasi, mimi ninamvuta kwa kitenge. Infirmière nilimwomba msamaha. Vijana saba wa kwaya, nawaomba msamaha leo mbele ya wote. Nilichukua sala zenu na uaminifu wenu, nikavitumia kufunika dhambi yangu. Nawashukuru, na namshukuru Bwana kwamba alizipokea hata hivyo.

Na wewe uliyekaa hapo, unayemlilia Mungu kwa mgonjwa wako huku kuna ndugu mmoja usiyetaka msaada upitie kwake, usingoje kama nilivyongoja. Siku za mgonjwa si zako za kupoteza. Mtumaini Bwana hata kwa yule unayemwonea wivu. Baada ya misa nitakuwa pale kwenye mlango wa upande. Njoo, nitasimama karibu nawe wakati unapiga simu.

Mtuombee Jumanne. Tunarudi kwa dozi ya tatu, ikiwa imefika.