Neno Alilosema Profesa Lubwama kwa Mikono

“Mrithi hutajwa kwa kinywa, shemeji.” Hivyo ndivyo Ezera, baba mdogo wa marehemu, alivyoshikilia tangu juzi, na wazee wa ukoo wakatikisa vichwa kumkubalia. Erina Nabbosa, mama wa marehemu, alimjibu kwamba kinywa cha Ezera kimetaja mengi, na kweli ndani yake ni za kuhesabu. Basi maisha ya marehemu yasomwe kwanza.

Profesa Yekoniya Lubwama alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Kasozi, Singo, akalia kwa sauti iliyoangusha ndizi mbivu za majirani watatu. Dada yake Miriya, aliyemtangulia kwa miaka minne, hakuisikia, alikuwa kiziwi. Wazee walisema ni aibu, mama akatii: wakija wageni, Miriya alifungiwa ndani ya ghala la kahawa. Yekoniya alimpenyezea matoke chini ya mlango, na kwenye ufa wa ukuta wakatunga lugha yao ya vidole. Miriya alikufa kwa homa humo ghalani mwaka 1969, wageni wakiwa mezani.

Yekoniya alisoma shule ya hapa kijijini, chuo cha ualimu, kisha chuo kikuu. Mwaka 1991 alipata shahada ya udaktari kwa kitabu kinene juu ya kufundisha watoto viziwi. Mama yake, asiyejua hata a, alikilalia kama mto mwezi mzima ili kimwingie, akaambulia shingo kukakamaa.

Kuanzia 2001 hadi 2014 alikuwa mkuu wa kitivo cha elimu. Kila mwanafunzi wa ualimu alitumwa sokoni kununua mboga bila kufumbua mdomo. Mmoja alirudi na jogoo wawili na mchumba. Profesa akampa alama za juu. Alifungua madarasa ya viziwi katika wilaya kumi na moja. Hapa kwao wazee walikataa, wasije wakaitwa kijiji cha mabubu.

Alimwoa Faibe Nassuuna tarehe 6 Desemba 1986. Walimzaa Semei, kiziwi, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu. Kwa miaka thelathini na moja ya maisha yake hakuna mzee wa ukoo aliyejifunza kumwamkia, na wiki hii hakuna aliyejua kumpa pole.

Mwaka jana saratani ilimshika Profesa kooni, madaktari wakaiondoa sauti. Tarehe 2 Julai aliwaita wazee watatu kitandani, akawaambia kwa mikono kwamba mrithi wake ni Semei. Faibe akawafasiria. Wakasema mke si shahidi, na wao hawakusikia neno. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2019.

Ameacha mama, mjane na mwana. Udongo wa Kasozi umlalie mwepesi.

Ila asubuhi hii sebuleni wazee walikuwa tayari kumvika Kaamya, mtoto wa Ezera, nguo ya magome ya mti avaayo mrithi.

“Mliniambia nimfiche Miriya, nikamficha,” mama alisema. “Safari hii sitii.”

“Shemeji, mrithi huitwa akaitika. Huyu tutamwitaje? Tumpigie ngoma?”

“Mguse bega. Atageuka haraka kuliko wewe unapoitwa kulima.”

“Bubu hawezi kusimama mbele ya ukoo akase…”

Semei aliingia na birika la kuwanawisha wazee mikono. Wote wakanyamaza ghafla, kana kwamba angewasikia.