Ewald Pawlitzek, Mfukia Mashimo ya Samaki

Ewald Theodor Pawlitzek, mwana wa Theodor msimika nguzo za mgodini, mjukuu wa Ignatz aliyefika Wanne-Eickel, mji wa migodi Ujerumani, kutoka mashariki na viatu vilivyokuwa miguuni tu. Mtu aliyewatoa wenzake wawili wakiwa hai chini ya mwamba mwaka 1966. Mshika bendera wa chama cha wachimba makaa. Mfuga samaki hadi pumzi ya mwisho: huyo ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1938, mtoto wa pili wa Theodor na Klara, katika nyumba za mgodi, ile yenye banda la njiwa nyuma. Wivu alizaliwa nao, na ukoo wetu hauna sababu ya kuuficha. Dada yake Ottilie aliposhonewa koti la blanketi kwa komunyo ya kwanza, Ewald, mtoto wa miaka mitano, alilikalia koti lile asubuhi nzima, hataki kunyanyuka, mpaka mama yao alipomwahidi la kwake.

Shule alianza mwaka 1944. Mabomu yakaikatiza, akaimaliza mwaka 1952. Hesabu aliiweza, kuimba kulimshinda. Akiwa bado darasani, tarehe 8 Februari 1949, baba yake alifia mgodini: pengo nyuma ya kundi lake liliachwa wazi baada ya makaa kutolewa, na paa likashuka. Mbele ya jeneza Klara alisema neno moja tu: "Wangelifukia." Ewald alilishika neno hilo kuliko sala.

Aprili 1952 naye akashuka shimoni, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Popote makaa yalipotolewa, hakutulia mpaka pengo lijazwe mawe. Wenzake walimtania kwa kumwita Jaza-Jaza, lakini kila mtu alitaka kufanya kazi katika zamu ya Ewald.

Tarehe 12 Mei 1962 alimwoa Roswitha Timmerbeil, muuza vitambaa. Walikutana kwenye dansi ya sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji. Ila mtu wa kwanza kumwinua Roswitha kitini hakuwa Ewald. Alikuwa Heribert Lohkamp, dereva wa tramu, mrefu, nywele zimelainishwa kwa mafuta. Walicheza wimbo mmoja tu. Wimbo huo Ewald aliusikia maisha yake yote.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Detlef na Marlies. Mwaka 1977 marehemu alinunua tangi kubwa la kioo, akaweka mchanga, mawe, na samaki wadogo wa jamaa ya perege, asili yao Ziwa Tanganyika. Akajiunga na chama cha wafugaji wa samaki kilichokutana chumba cha nyuma cha baa. Alipofungua mlango siku ya kwanza, aliyeketi kiti cha mwenyekiti ni nani? Lohkamp.

Samaki wa Lohkamp walizaana hata akawa anagawa watoto kwenye chupa za jamu. Wa Ewald walichimba tu. Walibeba mchanga mdomoni, wakautema kule, wakachimbua chini ya mawe mpaka mawe yakayumba. Kila jioni Ewald alizamisha mkono hadi kwapani, akafukia, akasawazisha, akashindilia.

"Waache, baba Detlef," Roswitha alimwambia. "Huenda wana shughuli zao."

"Jiwe likiwaangukia?"

"Mbona ya Heribert hayaanguki?"

"Ya Heribert! Umeyaona lini mawe ya Heribert?"

"Kwenye maonyesho ya chama, mimi na nusu ya mji. Na wewe ulikuwa umenishika mkono, umeubana mpaka pete ikaniuma."

Siku moja Roswitha alirudi na chupa ya samaki wachanga. Ewald alivaa koti la mvua, akaibeba chupa ile, akairudisha kwa mwenyewe.

"Chukua watoto wako, Lohkamp. Kwangu watazaliwa wa kwetu."

"Ndugu yangu Ewald, hawa ni samaki tu."

"Hata ile ilikuwa dansi tu."

Wa kwetu hawakuzaliwa. Marehemu alistaafu, mgodi ukafungwa, wajukuu wakaja, na kila mwaka kwenye maonyesho alisimama mbele ya tangi la Lohkamp na mikono mifukoni, kama mtu aliyeibiwa akiona mali yake dukani.

Septemba 2008 vumbi la makaa lilimlaza hospitalini wiki tatu. Roswitha, ambaye hakuwahi kuruhusiwa kugusa tangi, alimwomba Lohkamp aje kuwalisha samaki. Kisha akaenda kwa mumewe na habari: "Baba Detlef, wamezaa!"

Ewald aliketi wima na mrija wa hewa puani. "Nani alikuwa nyumbani kwangu?"

Roswitha hakuwa mwanamke wa kusema uongo.

Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitalini, Ewald aliingia sebuleni na koti juu ya nguo za kulalia, akamkuta Lohkamp mbele ya tangi.

"Umewafanyia nini?"

"Sikuwafanyia kitu."

"Usinifiche! Mimi miaka yote hii sipati hata mmoja, wewe wiki tatu!"

"Mawe tu niliyashusha yakae juu ya kioo chenyewe. Ulikuwa umeyakalisha juu ya mchanga, bwana, ndiyo maana yanayumba. Mengine wamefanya wenyewe. Dume anachimba chumba chini ya jiwe, jike anabandika mayai darini. Mchanga anaoutoa anaurundika mpakani, jirani asimchungulie mkewe. Ukifukia unawabomolea nyumba. Kesho wanajenga upya, watazaa saa ngapi?"

"Jirani asimchungulie mkewe!" Roswitha akadakia. "Yupo mwingine namjua."

Ewald hakucheka. Alipiga magoti. Dume alitema mchanga, akageuka, akamkodolea macho. Nyuma yake watoto walitapatapa kama vipande vya uzi. Supu ya mbaazi aliyopikiwa ikapoa mezani.

"Ana wivu huyu," akasema hatimaye.

"Sana," akajibu Lohkamp.

Asante hakuitoa. Mgeni alipoondoka, Ewald alimuuliza mkewe alimnywesha kahawa kwa kikombe kipi. Lakini mkono wake haukuingia tena mchangani.

Mapafu hayakupona. Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Novemba 2009, baada ya kupokea sakramenti. Ameacha mjane Roswitha, watoto Detlef na Marlies, wajukuu watatu, na dada yake Ottilie. Mungu amjalie usingizi usio na kikohozi.

Siku mbili kabla ya kufa alimwita Lohkamp, na akataka maneno yake yasomwe hapa mbele za watu.

"Heribert, samaki nakuachia. Lakini tangi halitoki nyumbani."

"Nitawalishaje sasa?"

"Utakuja. Kila siku. Uwatazame wanavyochimba, usiwafukie. Na mama Detlef akikukaribisha kahawa, kaa unywe. Hajazoea kunywa peke yake."

Lohkamp alimtazama Roswitha, akamtazama mgonjwa. "Una hakika, Ewald?"

"Sina. Wewe njoo tu."